Nani Atamshusha Birikani?

Mwaka 2011 ulianza na habari mbili za uponyaji ambazo sijawahi kusikia mtu akizitaja pamoja. Ya kwanza ilitoka Tübingen, Ujerumani, mwezi Januari. Watafiti, Michael Kormann na Carsten Rudolph miongoni mwao, walikuwa na panya wanaokosa protini moja inayoyawezesha mapafu kubaki wazi. Bila hiyo mnyama hufa akitafuta pumzi. Wakawa wanawapulizia mRNA, yaani agizo la kutengeneza protini hiyo, mapafuni mara mbili kwa wiki. Mapafu yakaanza kuitengeneza protini hiyo, ikafika asilimia 71 ya kiwango cha kawaida, na panya wakaishi mpaka siku utafiti ulipopangwa kuisha. Katika kazi hiyohiyo, sindano moja ya mRNA ya aina nyingine iliongeza chembe nyekundu za damu, na wiki nne baadaye zilikuwa bado nyingi. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu uleule wa mapafu, na wengi wao hufa wakiwa wachanga.

Habari ya pili ilitoka kwetu. Samunge iko tarafa ya Sale, lakini nchi nzima ilisema Loliondo, na mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile akawa Babu wa Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti ambao Wasonjo wanauita mugariga, mizizi yake ichemshwe, mgonjwa anywe kikombe kimoja tu, mara moja tu, kwa shilingi 500. Kisukari, presha, kansa, pumu, Ukimwi: vyote kwa kikombe kimoja. Kufika Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Walikuja Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, mawaziri na wabunge wetu wakanywa, helikopta zikatua kwenye vumbi ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa la mbuzi. Mwisho wa mwezi mzee mwenyewe aliomba watu wasije kwanza mpaka waliokuwa barabarani wahudumiwe. Wengine walifia njiani wakingoja zamu.

Nilikuwa tabibu kwenye zahanati moja upande wa Loliondo. Kwetu ni Rorya, kando ya Ziwa Victoria. Nimelelewa katika Kanisa la Mennonite la Shirati, na sasa, nikiwa nimestaafu, naishi Karatu na kusali na Walutheri kwa sababu ndio majirani zangu. Naeleza hivi ili msomaji ajue nimesimama wapi. Niliyaona magari yale. Dada yangu mdogo alikuwa ndani ya mojawapo.

Walikuwa wamekata Serengeti kwa Hiace ya kukodi pamoja na wagonjwa wengine wa Rorya, yeye na mwanawe mwenye sikoseli, yaani selimundu. Mtoto alikuwa mdogo wa mwili kuliko umri wake, macho ya manjano, amelala kwenye kiti cha nyuma huku mama yake akimkandia magoti kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga. Mkobani mlikuwa na foliki, panadol na kadi ya kliniki iliyochakaa pembeni. Niliifungua kadi ile nikaona tarehe za kuongezewa damu zikifuatana kama za mtu anayelipa kodi ya nyumba. Sikumzuia. Nilimwambia jambo moja tu: "Mama Odhis, kikombe unywe, foliki usiache." Akaniambia, "Kaka, siachi kitu. Nimekuja kuongeza." Siku walipofikiwa, kijana aliwapelekea vikombe vya plastiki dirishani. Mtoto alikunja uso kwa uchungu wa dawa, akaimaliza yote, akauliza kama sasa anaweza kucheza mpira.

Huyo mtoto leo ni kijana, na bado anahudhuria kliniki ya selimundu.

Nimelifikiri jambo hili tangu wakati ule, na sikubaliani na wanaolimaliza kwa kusema kwamba watu walidanganyika. Waliofika Samunge walijua hospitali ni nini. Wengi walitoka hospitalini, wakiwa wameambiwa hakuna zaidi, au wameambiwa kuna zaidi lakini siyo kwa bei yao. Mzee yule aliweka bei ambayo mama muuza dagaa angeweza kuilipa bila kuuza sufuria. Hakubagua dini wala nchi. Ukitaka kujua kwa nini barabara ya kutoka Mto wa Mbu ilijaa, usianze na ujinga. Anza na bei.

Ila sharti lake moja lilinisumbua na linanisumbua bado: kwamba dawa ile haikuwa na nguvu isipotolewa na yeye, pale pale. Mti ni uleule unaoota vilimani kote, lakini uponyaji ulifungwa kwenye mkono mmoja na kijiji kimoja. Kwa sharti hilo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuirudia tiba aone kama inashika. Serikali ilipima kinywaji kama ni salama, na hilo lilikuwa sawa. Lakini wengi waliokunywa wakaondoka hawakuandikwa popote. Kando ya foleni ile ilihitajika meza, daftari, mizani na kipimo cha sukari. Andika jina, andika hali alivyokuja, mtafute baada ya miezi sita.

Ndugu zangu wa kanisani huniambia kwamba kumpima Mungu ni kukosa imani. Mimi nawakumbusha mwenye ukoma aliyeponywa na Yesu. Hakuambiwa aende kushangilia. Aliagizwa aende kwa kuhani akakaguliwe, kwa sababu torati ilikuwa na utaratibu wa kumwangalia mtu ngozi kabla ya kumrudisha kijijini. Aliyeponya hakuogopa ukaguzi. Ukaguzi ule ulimsaidia mgonjwa, maana bila huo angebaki amepona na bado amefukuzwa. Ulimsaidia na aliyefuata, aliyetaka kujua kama njia ile kweli inaponya.

Babu alifariki tarehe 30 Julai 2021, siku mbili baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa Uviko hadharani. Chanjo ile ya kwanza haikuwa ya mRNA, lakini za mRNA, Pfizer na Moderna, zilifuata, na ndipo neno hilo lilipofika vijiweni. Niliulizwa mara nyingi, sokoni na kwenye ngazi za kanisa: si ndiyo ile inayobadilisha damu ya mtu?

Nilikuwa nikijibu hivi. Ndani ya kila seli kuna faili lenye maelezo yote ya mwili wako. Faili halitoki chumbani mwake. Seli ikitaka kutengeneza kitu, inanakili ukurasa mmoja kwenye karatasi, karatasi inakwenda dirishani, kazi inafanyika, karatasi inachanwa. Hiyo karatasi ndiyo mRNA. Chanjo ni karatasi iliyoandikwa nje, inayofanya kazi kwa muda mfupi kisha inayeyuka. Faili halijaguswa.

Jibu hilo lilitosha kwa chanjo. Kwa mpwa wangu halitoshi, na sitaki kumficha mtu. Siku hizi karatasi inaweza kubeba agizo la kutengeneza fundi, na fundi huyo akaingia chumbani, akafungua faili, akabadilisha herufi moja. Karatasi inayeyuka, fundi anayeyuka, herufi mpya inabaki. Mwaka 2025, huko Philadelphia, Marekani, mtoto mchanga aitwaye KJ Muldoon alitibiwa kwa njia hiyo ugonjwa wa ini ambao ungeweza kumuua, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake ndani ya miezi sita. Miaka miwili kabla, katika mji huohuo, kundi la Drew Weissman na wenzake lilionyesha kwa panya, na kwa seli za wagonjwa wa selimundu zilizo kwenye vyombo vya maabara, kwamba mRNA iliyofungwa ndani ya tone la mafuta inaweza kuelekezwa kwenye uloto na kurekebisha damu inakozaliwa. Weissman ndiye aliyepata Nobel mwaka huo wa 2023 pamoja na Katalin Karikó.

Dada yangu alisikia habari hizi redioni, akanipigia simu usiku. "Kaka, hiyo damu si Mungu aliiandika? Wakifuta herufi moja hawajamsahihisha Mungu?"

Swali hili nimelisikia kwa wachungaji na kwa mashehe, na mara nyingi anayeuliza hana mtoto mgonjwa. Yeye anaye, akauliza hata hivyo, kwa hiyo anastahili jibu la kweli. Nililitafuta kwenye historia ya Ziwa letu.

Selimundu inatokana na herufi moja iliyobadilika katika maelezo ya himoglobini. Ukiirithi kwa mzazi mmoja, huumwi. Ukiirithi kwa wote wawili, chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mifupa inauma, damu inaisha, mapafu nayo hushambuliwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, Mzungu aliyekulia Gilgil, Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona herufi ile ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa, na adimu nyanda za juu zenye baridi. Aliona pia kwamba ramani hiyo ndiyo ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi: anayebeba herufi moja anakingwa dhidi ya malaria kali. Mimi mwenyewe nimeliona. Karatu, kwenye ubaridi, mtoto wa sikoseli ni nadra. Shirati, kila wodi ya watoto inamjua.

Kwa hiyo nilimwambia dada yangu: wewe na shemeji mnabeba herufi moja moja, na pengine ndiyo maana mlivuka utoto wenu kule ziwani wakati watoto wengine walizikwa kwa malaria. Herufi iliyowahifadhi ninyi ndiyo inayomtesa mwanenu. Hiyo si laana ya ukoo, na wala si muhuri wa Mungu usiovunjwa. Ni kinga ya zamani iliyokuwa na gharama, na gharama ilimwangukia mtoto ambaye hakuwa na la kuchagua, kwa bahati ya moja kwa nne katika kila mimba. Sasa tuna vyandarua na dawa ya mseto. Tukimwondolea mtoto gharama hiyo hatumnyang'anyi alichopewa na Mungu. Tunamtua mzigo ambao faida yake tuliila sisi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo tunadaiwa."

Ndiyo, tunadaiwa, na wengine pia wanadaiwa. Katika kutafuta ushahidi ule wa 1954, Allison aliwachukua Waluo watu wazima 30, wa kujitolea, 15 wenye herufi na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika wasio na herufi, 14 waliugua. Katika wenye nayo, wawili tu. Takwimu hizo zinafundishwa mpaka leo. Mimi ni Mjaluo, na kila nikizifikiri naona watu wazima wenye majina na wake na mashamba, wakitetemeka homa ili dunia ijue jambo. Majina yao hayafundishwi. Sehemu ya elimu iliyopo juu ya herufi hii ilipita kwenye miili ya watu wetu. Sisemi hivi kwa chuki. Mimi ni mtu wa tiba, najua kwamba maarifa hayaji bure. Nasema kwa sababu anayesema tiba hii ni zawadi ya wazungu kwa Waafrika hajasoma risiti yote.

Hapa ndipo ninapoliona swali la kidini lenyewe, na silioni kwenye herufi. Injili ya Yohana inasimulia habari ya birika la Bethzatha. Wagonjwa wamelala kwenye matao wakingoja maji yatibuke, maana anayetangulia kuingia ndiye anayepona. Mtu mmoja ameugua miaka 38. Yesu anamwuliza kama anataka kupona. Angalia anachojibu: hasemi ndiyo wala hapana, anasimulia foleni. Hana mtu wa kumshusha, na kila akijikokota mwingine amekwisha kuingia. Ukimwuliza mgonjwa wa Tanzania kama anataka kupona, atakujibu hivyohivyo. Atakueleza nauli, rufaa, mashine iliyoharibika, shamba lililouzwa.

Yesu hakuyalaumu maji. Hakusema birika ni ushirikina, wala hakumtafutia yule mtu vijana wanne wenye nguvu wa kumbeba. Alimponya pale pale kwenye mkeka. Nimeisoma habari hiyo tangu shule ya Jumapili, na sasa naisoma kama hukumu juu ya namna tunavyotengeneza tiba. Tiba inayomtaka mgonjwa awe na mtu wa kumshusha ina kasoro, hata kama maji yake yanaponya kweli.

Chukua Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa kwa selimundu, Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Inafanya kazi, imekaguliwa na kuhani, kwa lugha niliyoitumia juu. Wagonjwa waliokuwa wakilazwa kila mara kwa maumivu wamekaa mwaka mzima bila maumivu hayo. Lakini seli zinatolewa mwilini, zinapelekwa maabara kuhaririwa, mgonjwa anapewa dawa kali ya kuuondoa uloto wa zamani, analazwa wiki nyingi, kisha seli zinarudishwa. Bei ya Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5, yaani zaidi ya vikombe milioni 10 vya Samunge kwa mgonjwa mmoja. Tanzania huzaa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Ndiyo maana kazi ile ya Philadelphia juu ya uloto imenishika moyo kuliko ile iliyokwisha kuidhinishwa, ingawa mwaka 2023 ilikuwa bado kwenye panya na vyombo vya maabara. Ikifanikiwa kwa binadamu, itakuwa sindano. Hakuna seli kusafirishwa, hakuna uloto kuondolewa. Dawa ndiyo itakayomwendea mtoto alipolala. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wahandisi. Mimi nasema mhandisi anayechagua kati ya tiba ya chumba maalumu na tiba ya sindano anachagua nani ataachwa kwenye matao, na huo ni uchaguzi wa mbele za Mungu, ajue asijue. Na uchaguzi haujaisha hapo. Chanjo ya Pfizer ilianza kwa kutaka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri; zahanati za Loliondo zina jokofu la sola. Anayetafuta namna ya kuifanya mRNA ivumilie jokofu lile anafanya kazi ya Bethzatha.

Wakati huohuo nisingependa mama yeyote angoje Philadelphia. Mwishoni mwa 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa dawa ya haidroksiyurea kwa watoto zaidi ya 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Hicho ni kidonge, kiko tayari, kimepimwa kwa watoto wetu wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu walio na ndugu ambaye uloto wake unalingana na wao. Muhimbili wana programu ya selimundu tangu 2004, iliyojengwa na Profesa Julie Makani na wenzake. Mtoto aliyepimwa mapema, akapewa penisilini, foliki na haidroksiyurea, ana maisha tofauti kabisa na yule anayegunduliwa akiwa na miaka minne, tumbo limevimba, kila mtu akidhani amerogwa. Makanisa yetu hubatiza watoto na misikiti huwafanyia akika, lakini sijasikia tangazo la ibada likiwaambia wazazi wakawapime watoto hao selimundu. Tulitangaza safari za Samunge mimbarani kwa majina ya mabasi. Hili nalo linatangazika.

Mpwa wangu sasa ni fundi simu Musoma. Anameza haidroksiyurea, anakunywa maji mengi, anajifunika kwenye baridi. Mwaka huu aliniuliza, "Mjomba, wakija watu wa utafiti wakaomba damu yangu kwa ajili ya hizi dawa mpya, niwape?"

Nilimwambia awape. Watu wa kwetu 30 walitoa zaidi ya damu, na bila waliojitolea hata kidonge anachomeza kisingekuwepo. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, asome fomu yote, ya Kiswahili, na aulize maswali ambayo pengine wale 30 hawakuwahi kuuliza. Dawa hii ikikubali, itauzwa wapi kwanza? Kwa bei gani hapa? Itakaa kwenye jokofu la zahanati ya Rorya au la? Nani ameandikwa kwamba atahakikisha? Anayechukua damu akijibu kwamba hayo si ya ngazi yake, asigombane naye, huenda ni kijana wa watu aliyeajiriwa juzi. Amwombe tu aliandike jibu hilo kwenye fomu, juu ya mahali pa saini, na nakala moja aondoke nayo.